John Fisher wa Rochester: Askofu Aliyeihesabu Elimu Kuwa Amana

Katika historia ya Uingereza, enzi ya Tudor ilianza mwaka 1485, Henry VII alipotwaa taji kwa nguvu ya upanga, ikaishia mwaka 1603, alipofariki mjukuu wake, Malkia Elizabeth I. Ndani ya miaka hiyo 118 nchi hiyo iliukata uhusiano wake na Roma, ikazivunja nyumba za watawa, ikabadili lugha ya ibada na kumfanya mfalme kuwa mkuu wa Kanisa, na kila badiliko liliwalazimisha watu wa elimu kuchagua upande. Wengi wao walichagua kwa kutazama upepo unakovumia. John Fisher, askofu wa Rochester tangu mwaka 1504 na mkuu wa Chuo Kikuu cha Cambridge kwa takriban miaka 30, ni miongoni mwa wachache waliochagua kwa kuyafuata yale waliyoyasoma na kuyapima, na uamuzi huo ulimgharimu kichwa chake tarehe 22 Juni 1535. Maisha yake yote, kuanzia ujenzi wa vyuo hadi kifo chake, yamefungwa kwa uzi mmoja: aliihesabu elimu kuwa amana aliyokabidhiwa ili aifikishe kwa wengine, na mwenye amana hana ruhusa ya kuiuza, hata kama mnunuzi ni mfalme.

Kutoka Beverley hadi Cambridge

Fisher alizaliwa mwaka 1469 huko Beverley, mji wa Yorkshire kaskazini mwa Uingereza uliojulikana kwa biashara ya nguo na kwa kanisa lake kubwa la mawe lililohifadhi kaburi la mtakatifu wa mji huo. Baba yake, Robert, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, naye alifariki mwaka 1477, mwanawe akiwa bado mtoto mdogo. Mama yake, Agnes, aliolewa tena na kupata watoto wengine, miongoni mwao Elizabeth White, ambaye baadaye aliingia utawa wa Wadominiko huko Dartford na ambaye kaka yake angemkumbuka katika siku zake za mwisho. Hivyo Fisher hakutoka katika ukoo wa mabwana wenye mashamba na ngome. Alikuwa mtoto wa duka, na ngazi pekee iliyokuwa wazi kwa mtoto wa namna hiyo ilikuwa Kanisa na shule zake.

Ngazi hiyo ilimfikisha Cambridge katika miaka ya 1480, katika chuo kilichoitwa Michaelhouse. Chuo Kikuu cha Cambridge kilikuwa, na bado ni, muungano wa vyuo vingi, kila kimoja kikiwa nyumba inayojitegemea, yenye kanisa, ukumbi wa kulia chakula, maktaba na vyumba, ambamo walimu na wanafunzi waliishi pamoja kwa mapato ya wakfu, yaani ardhi na mali ambayo mfadhili ameitenga moja kwa moja kwa kazi hiyo, huku wanufaika wakiwajibika kumwombea baada ya kufa kwake. Fisher alipata shahada ya uzamili mwaka 1491, na mwaka huohuo akapewa upadre kwa ruhusa maalumu ya Papa, kwa sababu hakuwa ametimiza umri uliowekwa na sheria ya Kanisa. Mwaka 1497 akawa mkuu wa Michaelhouse, na mwaka 1501 akatunukiwa udaktari wa teolojia na kuchaguliwa kuwa makamu wa mkuu wa Chuo Kikuu.

Cambridge aliyoikuta haikuwa na fahari iliyo nayo leo. Yeye mwenyewe alieleza baadaye, katika hotuba mbele ya Henry VII, kwamba magonjwa ya mlipuko, kesi zisizokwisha na wenyeji wa mji, na uhaba wa wafadhili vilikuwa vimewachosha wanazuoni hadi baadhi yao wakafikiria kuondoka. Oxford ilikuwa imeizidi kwa idadi ya watu, mali na sifa. Kwa mtu aliyeamini kwamba padre asiye na elimu ni kipofu anayewaongoza vipofu, hali hiyo ilihusu wokovu wa watu wa kawaida, ambao Jumapili walisimama kanisani wakisubiri neno ambalo padre wao hakuwa na uwezo wa kulifafanua. Hapo ndipo penye kiini cha kazi yake yote ya elimu: alitaka wahubiri, na alijua kwamba wahubiri huandaliwa kwa miaka mingi, katika nyumba zenye vitabu, walimu na chakula cha uhakika.

Mama wa mfalme na wakfu wa vyuo

Katikati ya miaka ya 1490, alipokuwa mmoja wa maofisa wawili waliosimamia nidhamu na shughuli za Chuo Kikuu, Fisher alitumwa kwenye makao ya mfalme huko Greenwich, akakutana na Lady Margaret Beaufort, mama wa Henry VII. Bibi huyu alikuwa ameolewa akiwa na umri wa miaka 12, akafiwa na mume akiwa mjamzito, na kumzaa mfalme wa baadaye mwezi Januari 1457 akiwa na miaka 13 tu. Aliishi kupitia vita vya koo vilivyoitikisa Uingereza kwa miaka 30, na alipoingia uzeeni akiwa na utajiri mkubwa, alitafuta njia ya kuutumia kwa ajili ya roho yake. Fisher akawa muungamishi wake, yaani padre anayesikiliza maungamo na kuielekeza dhamiri, na kwa ushauri wake sehemu kubwa ya utajiri huo ikaelekezwa kwenye elimu.

Matunda yalikuja kwa mpangilio unaoonyesha kwamba Fisher alikuwa na mkakati uliokamilika. Mwaka 1502 Lady Margaret alianzisha nafasi za uhadhiri wa teolojia Cambridge na Oxford, zilizolipwa kwa wakfu ili masomo yatolewe bure kwa yeyote atakayehudhuria, na Fisher akawa mhadhiri wa kwanza kwa upande wa Cambridge. Mwaka 1504 akaweka wakfu mwingine kwa ajili ya mhubiri atakayezunguka makanisani kuhubiri kwa lugha ya watu. Mwaka 1505 chuo kidogo kilichodhoofika, kilichoitwa God's House, kilipanuliwa na kupewa jina jipya la Christ's College, yaani Chuo cha Kristo. Chuo cha pili, kilichokusudiwa kujengwa mahali palipokuwa na hospitali ya Mtakatifu Yohana iliyokaribia kuanguka, kilikuwa bado katika mipango Henry VII alipofariki mwezi Aprili 1509, na Lady Margaret akamfuata mwanawe tarehe 29 Juni ya mwaka huohuo. Fisher alihubiri katika mazishi ya mfalme na katika kumbukumbu ya mama yake, na mahubiri hayo yakachapishwa na Wynkyn de Worde, mpiga chapa maarufu wa London.

Kifo cha mfadhili kabla ya hati kukamilika ni mtihani ambao kila msimamizi wa wakfu anaujua. Mfalme mpya, Henry VIII, alikuwa mrithi halali wa bibi yake na hakuona haraka ya kuachia ardhi iliyotajwa katika wasia. Watumishi wa zamani wa marehemu walikuwa na madai yao, na hospitali yenyewe ilikuwa chini ya askofu mwingine aliyepaswa kukubali kuivunja. Fisher alizunguka kati ya mahakama, baraza la mfalme na ofisi za Roma kwa miaka kadhaa, akapata hati ya kuanzishwa kwa chuo mwaka 1511, akapoteza sehemu kubwa ya ardhi iliyoahidiwa, kisha akatafuta mapato mengine ya kuziba pengo. Chuo cha Mtakatifu Yohana, yaani St John's College, kilifunguliwa rasmi mwaka 1516. Fisher aliandika kanuni zake kwa mkono wa mtu anayejua udhaifu wa binadamu, akazirekebisha mwaka 1524 na tena mwaka 1530, akisisitiza mafunzo ya Kigiriki na Kiebrania pamoja na wajibu wa wanazuoni wa kuhubiri kwa Kiingereza. Kwa hiyo chuo hicho kina waanzilishi wawili: bibi aliyetoa mali, na askofu aliyehakikisha kwamba nia ya marehemu haikuzikwa pamoja naye.

Askofu wa jimbo dogo

Mwaka 1504 Henry VII alimteua Fisher kuwa askofu wa Rochester, katika wilaya ya Kent, kando ya Mto Medway na kwenye barabara itokayo London kuelekea bandari ya Dover. Lilikuwa jimbo dogo na maskini kuliko yote ya Uingereza, na kwa desturi ya wakati huo maaskofu walilichukua kama daraja la kupandia jimbo lenye mapato makubwa zaidi. Wengi wao walikuwa watumishi wa serikali waliolipwa mshahara kwa njia ya uaskofu, wakawaachia makaimu kazi ya kiroho na wao wenyewe wakaishi karibu na mfalme. Fisher alikaa Rochester kwa miaka 30, na mwandishi wa kwanza wa maisha yake anasimulia kwamba alikataa kuhamishiwa majimbo tajiri. Alitembelea parokia zake, alihubiri mara kwa mara na kuwalisha maskini waliokuja langoni mwake.

Nyumba yake ilikuwa baridi na yenye unyevu kwa sababu ya matope ya mto unaojaa na kupwa, na Erasmus wa Rotterdam, mwanazuoni mashuhuri kuliko wote wa Ulaya wakati huo, alimwonya kwa barua kwamba chumba cha maktaba alichokipenda, chenye madirisha mengi ya vioo yaliyopitisha upepo, kingemharibia afya. Onyo hilo linaonyesha askofu huyo alizitumia wapi saa zake. Vitabu vyake vilihesabiwa kuwa miongoni mwa mikusanyo bora ya Uingereza, na kwa kuwa hakuviona kuwa vyake, aliviandika vyote kwa hati kuwa mali ya Chuo cha Mtakatifu Yohana, akabaki akivitumia kama mtu aliyeazima.

Erasmus alikuwa amefika Cambridge mwaka 1511 kwa mwaliko wa Fisher, akakaa hadi 1514 akifundisha Kigiriki na kufanya kazi juu ya maandiko ya Mtakatifu Jerome na juu ya Agano Jipya la Kigiriki, lililotoka matbaani mwaka 1516. Watu wa mwelekeo huo, wanaoitwa kwa kawaida wanahumanisti, walidai kwamba msomi arudi kwenye chemchemi, yaani asome maandiko katika lugha yaliyoandikwa awali badala ya kutegemea muhtasari na ufafanuzi wa karne za baadaye. Fisher, ambaye alisomea mfumo wa zamani na angeweza kuridhika na heshima aliyokwisha kuipata, alianza kujifunza Kigiriki na Kiebrania alipokuwa anakaribia miaka 50. Askofu na mkuu wa Chuo Kikuu aliketi mbele ya mwalimu kijana, Robert Wakefield, akajifunza herufi za Kiebrania kama mtoto anayeanza darasa la kwanza. Ni picha inayostahili kukaa akilini mwa msomaji, kwa sababu mtu aliye tayari kuwa mwanafunzi katika umri huo hatayumbishwa kirahisi na cheo cha mwenye kumwambia asome vinginevyo.

Kalamu dhidi ya Luther

Mafundisho ya Martin Luther yalipoingia Uingereza, Fisher ndiye aliyetwishwa kazi ya kuyajibu. Tarehe 12 Mei 1521 alihubiri kwenye uwanja wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London, mbele ya Kadinali Thomas Wolsey na umati mkubwa, huku vitabu vya Luther vikichomwa moto. Mwaka 1523 alitoa kwa Kilatini kitabu kikubwa cha kupinga utetezi wa Luther wa hoja 41 ambazo Papa Leo X alikuwa amezilaani mwaka 1520. Njia aliyoitumia ilikuwa ya kisomi hasa: aliyanukuu maneno ya mpinzani wake hoja baada ya hoja, ndipo akajibu chini yake kwa ushahidi wa Biblia na wa Mababa wa Kanisa, yaani walimu wa karne za kwanza za Ukristo, ili msomaji aone pande zote mbili kwa macho yake. Kitabu hicho kilichapishwa tena na tena barani Ulaya, na wanateolojia wa Kikatoliki waliendelea kukitumia baada ya kifo chake. Mwaka 1527 akaongeza utetezi mrefu wa fundisho la Ekaristi dhidi ya Oecolampadius, mwanateolojia wa Kiprotestanti wa Basel.

Haki inadai kwamba upande wa pili wa kazi hiyo nao utajwe. Fisher aliamini, kama walivyoamini wakuu wengi wa Kanisa na wa serikali katika karne yake, kwamba uzushi ni sumu inayoua roho na kwamba dola ina wajibu wa kuuzuia kwa adhabu. Mwaka 1530 alishiriki pamoja na Askofu Mkuu William Warham katika kesi ya Thomas Hitton, aliyechomwa moto huko Maidstone kwa imani yake ya Kiprotestanti. Mtu aliyekufa kwa ajili ya dhamiri yake hakuipa dhamiri ya Hitton nafasi hiyohiyo. Ukweli huo haufuti mema yake, lakini historia isiyousema ingekuwa inamtungia sifa, na sifa za kutungwa ndizo alizozikataa yeye mwenyewe alipochambua maandishi ya wengine.

Shauri la ndoa ya mfalme

Henry VIII alikuwa amemwoa Catherine wa Aragon mwaka 1509. Kabla ya hapo Catherine alikuwa mke wa Arthur, kaka yake Henry, aliyefariki mwaka 1502 miezi michache baada ya arusi, na Papa Julius II alikuwa ametoa ruhusa maalumu ili ndoa ya pili iwezekane. Ndoa hiyo ilimpatia mfalme binti mmoja tu aliyeishi, Mary, na kufikia mwaka 1527 mfalme, aliyetaka mrithi wa kiume na aliyekwisha kumpenda Anne Boleyn, alidai kwamba ndoa yake ilikuwa batili tangu mwanzo. Hakuomba talaka kwa maana ya kuvunja ndoa halali. Aliomba itamkwe kwamba hapakuwa na ndoa, kwa hoja kwamba kitabu cha Mambo ya Walawi kinakataza mtu kumchukua mke wa ndugu yake, na kwamba hakuna Papa mwenye uwezo wa kuifuta sheria ya Mungu.

Fisher alipoulizwa maoni na Wolsey alifanya kile alichofanya siku zote: alirudi kwenye vitabu. Alikiri kwamba waandishi hawakubaliani, lakini aliona kwamba kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, kinamwagiza ndugu wa marehemu asiyeacha mtoto amwoe mjane wake ili kuendeleza jina la marehemu, desturi ambayo jamii nyingi za Afrika Mashariki zimeijua kama kurithi mjane. Ikiwa Mungu aliamuru jambo hilo katika hali fulani, basi haliwezi kuwa ovu kwa asili yake, na kwa hiyo liko ndani ya mamlaka ya Kanisa kulitolea ruhusa. Hakuishia kwenye jibu moja. Kwa maelezo yake mwenyewe aliandika vitabu saba au vinane juu ya suala hilo, na kimoja kilichapishwa Alcalá, Hispania, mwaka 1530.

Mahakama maalumu ya Kanisa ilipoketi katika nyumba ya watawa ya Blackfriars, London, mwaka 1529, chini ya Wolsey na Kadinali Lorenzo Campeggio aliyetumwa na Papa, Fisher alisimama kuwa mtetezi wa malkia. Tarehe 28 Juni alitamka kwamba ndoa hiyo haiwezi kuvunjwa na nguvu yoyote, ya binadamu wala ya Mungu, na kwamba yuko tayari kutoa uhai wake kwa hoja hiyo, kama Yohana Mbatizaji alivyokufa kwa kutetea utakatifu wa ndoa. Kila aliyekuwemo ukumbini alielewa kwamba anayemtaja Yohana Mbatizaji anamfananisha mfalme na Herode, na Henry alikasirika sana. Kuanzia siku hiyo mtu aliyehubiri katika mazishi ya baba yake na kuwa muungamishi wa bibi yake akawa adui.

Njia ya kuelekea kifo

Kwa kuwa Roma haikutoa hukumu aliyoitaka, mfalme aliamua kuyahamishia mamlaka ya Roma kwake. Katika Bunge lililoitishwa mwezi Novemba 1529 Fisher alipinga waziwazi miswada iliyolenga haki za makasisi, hadi Baraza la Makabwela likalalamika kwa mfalme juu ya maneno yake. Mwezi Februari 1531 makasisi wa Uingereza walilazimishwa kumtambua mfalme kuwa mkuu wa Kanisa la nchi hiyo, na Fisher alikuwa mstari wa mbele katika upinzani uliozaa sharti kwamba ukuu huo utambuliwe kadiri sheria ya Kristo inavyoruhusu. Sharti hilo fupi lilikuwa ngome ya mwisho, na mwaka uliofuata makasisi waliisalimisha haki yao ya kutunga sheria za Kanisa bila idhini ya mfalme.

Mwezi huohuo wa Februari 1531 mpishi mmoja, Richard Roose, alitia unga wa sumu katika chakula kilichopikwa katika nyumba ya Fisher huko Lambeth. Askofu hakukila, lakini watu wa nyumbani mwake waliugua, na wawili wakafa, mmoja wao akiwa mwanamke maskini aliyekuja kupokea chakula cha sadaka. Bunge lilitunga haraka sheria iliyofanya kuua kwa sumu kuwa uhaini unaoadhibiwa kwa kuchemshwa, na Roose aliuawa hivyo huko Smithfield.

Kadiri mlango wa sheria ulivyozidi kufungwa, Fisher alipiga hatua iliyovuka mipaka ya hoja. Mwaka 1533 alimpelekea ujumbe wa siri Eustace Chapuys, balozi wa Kaisari Charles V, aliyekuwa mtoto wa dada yake Catherine, akimhimiza Kaisari atumie nguvu dhidi ya Henry. Kwa sheria ya nchi yoyote huo ulikuwa uhaini, ingawa mahakama iliyomhukumu baadaye haikuujua na haikumhukumu kwa huo. Mwanzoni mwa mwaka 1534 alitiwa hatiani kwa kutoripoti maneno ya Elizabeth Barton, mtawa wa Kent aliyetabiri kwamba mfalme angepatwa na maafa kwa kumwoa Anne Boleyn, akatozwa faini ya pauni 300, kiasi kinachokaribia pato la mwaka mzima la jimbo lake.

Mtihani wa mwisho ulikuwa kiapo. Sheria ya Urithi wa mwaka 1534 ilimtaka kila raia aliyeitwa aape kuwatambua watoto wa Henry na Anne kuwa warithi wa taji, na utangulizi wake ulibeba pia dai kwamba ndoa ya kwanza ilikuwa batili na kwamba Papa hana mamlaka juu ya jambo hilo. Fisher, sawa na Thomas More, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa sheria wa mfalme, alikuwa tayari kuapa juu ya urithi, kwa kuwa Bunge lina haki ya kuamua nani atavaa taji, lakini alikataa kuapa juu ya utangulizi, kwa kuwa huo ulimtaka athibitishe kwa jina la Mungu jambo ambalo usomaji wake wote ulimwambia si kweli. Wote wawili walifungwa katika Mnara wa London mwezi Aprili 1534. Maaskofu wenzake wa Uingereza waliapa.

Vitabu vilivyoahidiwa chuo vilichukuliwa na maofisa wa mfalme na kutawanyika, na jimbo lake likatangazwa kuwa wazi. Tarehe 22 Desemba 1534 alimwandikia Thomas Cromwell, mtumishi mkuu wa mfalme, akieleza kwamba hana shati wala nguo nyingine zaidi ya matambara, kwamba chakula anachopewa ni kidogo na tumbo lake la kizee haliwezi kukistahimili, na akiomba padre wa kumwungamisha kabla ya Noeli pamoja na vitabu vya sala. Katika chumba hichohicho alimwandikia dada yake Elizabeth, kwa Kiingereza chepesi, maandishi ya kumsaidia kutafakari kifo na upendo wa Mungu. Mwanazuoni aliyekuwa akiandikia Ulaya nzima kwa Kilatini alimalizia kazi yake kwa kumfundisha mtu mmoja kwa lugha ya mama yao.

Tarehe 20 Mei 1535 Papa Paul III alimfanya kadinali, pengine akitumaini kwamba heshima hiyo ingemkinga, lakini ilimwongezea mfalme hasira. Tarehe 17 Juni Fisher alishtakiwa katika Ukumbi wa Westminster kwa kosa la kutamka kwamba mfalme si mkuu wa Kanisa, na simulizi za kale zinaeleza kwamba shahidi mkuu alikuwa Richard Rich, wakili wa serikali, aliyemtembelea gerezani na kumuuliza maoni yake kwa ahadi ya siri. Kosa lake, basi, lilikuwa kujibu swali. Alikatwa kichwa tarehe 22 Juni kwenye kilima cha Tower Hill, na walioandika habari zake wanasema kwamba alipoamshwa alfajiri na kuambiwa saa ya kufa, aliomba alale kidogo zaidi, kisha akavaa nguo safi kuliko zote alizokuwa nazo, kwa kuwa aliichukulia kuwa siku ya arusi. Kichwa chake kilitundikwa kwenye Daraja la London, na wiki mbili baadaye kikaondolewa, wakati kichwa cha Thomas More kilipoletwa mahali hapo.

Kilichobaki

Mwaka huohuo wa 1535 Erasmus alichapisha kitabu kikubwa juu ya sanaa ya kuhubiri, alichokianza kwa kuhimizwa na Fisher na kukusudia kumtunukia, akalazimika kumwombolezea badala yake. Mwaka huohuo pia kijana wa miaka 14, William Cecil, aliingia Chuo cha Mtakatifu Yohana, na baadaye akawa mshauri mkuu wa Malkia Elizabeth I na nguzo ya Uingereza ya Kiprotestanti. Nyumba aliyoijenga Fisher iliwalea hata wale waliobomoa imani aliyoifia. Baadhi ya watu wangeona hapo kushindwa, lakini ndivyo wakfu wa elimu unavyofanya kazi: aliyechimba kisima hachagui nani atakunywa.

Kanisa Katoliki lilimtangaza Fisher kuwa mtakatifu tarehe 19 Mei 1935, pamoja na Thomas More, na huwakumbuka wote wawili kila tarehe 22 Juni. Kanisa la Uingereza, lililozaliwa katika mgogoro uleule uliomuua, nalo huwakumbuka tarehe 6 Julai. Maktaba yake haikurudi kamwe, na mwili wake haukuzikwa Cambridge. Christ's College na St John's College bado zinafundisha, na nafasi ya uhadhiri wa teolojia ambayo yeye alikuwa wa kwanza kuishika bado ina mwenye kuishika, zaidi ya miaka 500 tangu ilipowekwa wakfu.